Mkopo gani unafaa shamba lako?

Wandugu wakulima, mbele ya kutia sahihi kwa COOPEC, uliza kwanza: nitaanza kulipa mwezi gani? Maharagi inaiva kwa miezi 3 hivi. Muhogo inaweza kupitisha 12. Mkopo wa kulipa kila mwezi unafaa mama wa soko, si mwenye muhogo peke yake.

Kisha uliza namna riba inahesabiwa. Tuseme dola 100, riba 3% kwa mwezi, unarudisha 25 kila mwezi. Wakihesabu kila mara juu ya 100 yote, riba ni dola 12. Wakihesabu juu ya deni lenye kubaki, ni 7,50 tu. Karatasi zote mbili zinaandika 3%!

Tena, kama unauzisha kwa franga, usikope dola: dola ikipanda, deni linakulemea. Na kwa jembe moja tu? Likelemba inatosha, haina riba.