Lugha Tatu, Simu Moja: Mtoto wa Longisa na Masomo ya Lugha Mtandaoni

Mtoto anayeanza shule Longisa hukutana na lugha tatu kabla hajafikisha miaka kumi. Nyumbani anazungumza Kikipsigis. Sokoni, stejini na kwenye foleni ya hospitali ya rufaa anasikia Kiswahili. Akifika Gredi ya 4, hisabati na sayansi anafundishwa kwa Kiingereza. Siku hizi katikati ya lugha hizo kuna simu ya mzazi, na ndani ya simu kuna programu zinazoahidi kumfundisha mtu lugha yoyote bila mwalimu. Mzazi anayelipia bando ana haki ya kujua ni lipi kati ya hayo linaloweza kumsaidia mtoto wake, na ni lipi la kupita tu.

Kwanza, utaratibu wa shule. Tangu ripoti ya Tume ya Gachathi ya mwaka 1976, msimamo wa serikali umekuwa kwamba mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo lake katika miaka ya mwanzo, huku Kiswahili na Kiingereza vikifundishwa kama masomo. Mtaala wa Umilisi umeendeleza msimamo huo hadi Gredi ya 3. Katika sehemu kubwa ya Longisa, Kembu na Chemaner, lugha ya eneo ni Kikipsigis. Karibu na Mulot, ambako kaunti yetu inapakana na Narok na darasa moja linaweza kuwa na watoto wa jamii kadhaa, Kiswahili ndicho huwaunganisha. Baada ya Gredi ya 3 mlango hufungwa ghafla: masomo yote, isipokuwa Kiswahili chenyewe, huhamia Kiingereza. Mtoto ambaye hajajifunza kusoma vizuri katika lugha yoyote kufikia hapo ataingia Gredi ya 4 akitafuta maana ya maneno wakati wenzake wanatafuta majibu ya maswali.

Ifahamike pia nani anahusika na nini. Katiba ya 2010 iliwapa serikali za kaunti elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Walimu wa shule za msingi na sekondari huajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu, TSC, nayo mitaala na vitabu huidhinishwa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya, KICD. Kwa hiyo mzazi mwenye swali kuhusu lugha inayotumiwa chekechea aje kwa ofisi za elimu za kaunti. Mwenye swali kuhusu Gredi ya 5 aanze na mwalimu mkuu.

Sasa turudi kwa mtoto. Mwalimu yeyote wa Kiswahili aliyefundisha eneo hili anajua mahali ambapo ulimi hukwama. Kikipsigis hakitenganishi sauti za p na b, t na d, wala k na g kama Kiswahili kinavyofanya. Msemaji hutamka p au b kutegemea sauti zilizo jirani, na maana haibadiliki. Kwa Kiswahili maana hubadilika: bata si pata, dua si tua, na goma si koma. Tena Kikipsigis hakina f, v, z wala sh, ndiyo maana mtoto anaweza kusema mama ameenda kusuka wakati mama ameenda kushuka kwenye gari. Hili si jambo la kuchekea darasani. Mtoto hakosei kwa uvivu. Sikio lake limefundishwa vizuri na lugha yake lisijali tofauti ambayo lugha nyingine inaijali.

Hapa simu inaweza kufanya kazi ambayo mwalimu mwenye wanafunzi wengi hana nafasi ya kuifanya. Tangu mwaka 2017 simu zinazotumia mfumo wa Google zimeweza kuandika Kiswahili kinachozungumzwa. Mzazi afungue mahali pa kuandika ujumbe, achague Kiswahili katika mipangilio ya kibodi, abonyeze alama ya maikrofoni, kisha mtoto aseme neno moja: bata. Simu ikiandika "pata", mtoto ataliona kosa kwa macho yake bila mtu kumkaripia, na atajaribu tena. Mazoezi ya dakika kumi yanatosha. Muhimu ni kutumia neno mojamoja, kwa sababu katika sentensi ndefu mashine hukisia kutokana na maneno yaliyotangulia. Ukisema "mama amechinja pata" inaweza kuandika "bata" kwa kubahatisha, na mtoto akadhani ametamka sawa.

Irabu ni habari njema kidogo. Kiswahili kina irabu tano na herufi tano, na mkazo karibu kila mara huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Mtoto akishazijua herufi anaweza kusoma neno asilowahi kuliona. Kiingereza hakina huruma hiyo. Kikipsigis chenyewe kina irabu nyingi zaidi kuliko herufi zake: wataalamu huhesabu kumi kwa namna ya kutamkwa, kisha kuna fupi na ndefu, na juu ya hayo kuna toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, ambayo kwa kawaida haiandikwi kabisa. Marehemu Dkt. Taaitta Toweett, mwana wa Wakipsigis aliyewahi kuwa Waziri wa Elimu, alishughulikia lugha hizi katika kitabu chake cha kitaaluma kuhusu isimu ya Kikalenjin kilichotoka mwaka 1979. Ni kwa sababu ya toni na irabu hizo kwamba kutengeneza programu inayosoma Kikipsigis kwa sauti si kazi ndogo. Maandishi peke yake hayaiambii mashine neno litamkwe vipi.

Ngeli ni kikwazo kingine, na hapa mtandao hudhuru mara nyingi kuliko unavyosaidia. Kikipsigis hutofautisha umoja na wingi kwa kubadilisha mwisho wa neno: lakwet ni mtoto, lagok ni watoto. Hakigawanyi majina katika makundi kama M-WA na KI-VI yanayolazimisha kitenzi, kivumishi na kimilikishi vyote vifuate. "Kitabu changu kikubwa kimepotea" ni mlolongo wa ki ambao mtoto inabidi aubebe akilini hadi mwisho wa sentensi. Anaporudi nyumbani na kufungua video za vichekesho kutoka Nairobi, anasikia "kitabu yangu" na "gari yangu imeharibika" kutoka kwa watu anaowapenda. Kiswahili hicho cha mitaani kina uhai wake na hakuna haja ya kumkataza. Lakini mtihani hautahini hicho, na mzazi asidhani saa mbili za video ni saa mbili za somo la Kiswahili.

Zana za kujifunzia Kiswahili mtandaoni si jambo la jana. Kamusi ya kwanza ya Kiswahili ya mtandaoni ilianzishwa Marekani, katika Chuo Kikuu cha Yale, mwaka 1994. Wikipedia ya Kiswahili ilifunguliwa mwaka 2003, na Google ikaanza kutafsiri Kiswahili mwaka 2009. Duolingo ilitoa kozi ya Kiswahili mwaka 2017. Ni bure na inavutia watoto, ila imetengenezwa kwa mtu anayejua Kiingereza. Mtoto wa Gredi ya 2 kutoka Kipreres ataulizwa maana ya neno la Kiswahili kwa lugha ambayo bado haijui. Kwa mwanafunzi wa sekondari inaweza kuwa mchezo mzuri, lakini kwa mdogo wake haifai.

Kwa Kikipsigis, rafu bado ni tupu kiasi. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakipsigis takriban milioni 1.9, idadi kubwa kuliko wasemaji wa lugha kadhaa za Ulaya zenye kila aina ya programu. Google ilipoongeza lugha 110 kwa mpigo mwezi Juni 2024, Kijaluo kilikuwamo, Kikalenjin hakikuwamo. Kuna dalili za mabadiliko. Mradi wa African Next Voices, unaofanyika Kenya, Nigeria na Afrika Kusini, umekusanya takriban saa 9,000 za sauti katika lugha 18, na kwa upande wa Kenya, unaoongozwa na Chuo Kikuu cha Maseno, Kikalenjin ni mojawapo. Sauti hizo ndizo mashine hujifunzia. Mashine iliyofunzwa kwa Kinandi au Kitugen huenda isimwelewe vizuri mzee wa Longisa, kwa hiyo si neno dogo watu wa kwetu wanapoombwa kurekodiwa. Wakubali au wakatae wakijua sauti yao itatumika kwa kazi gani.

Je, shule zinunue vishikwambi zaidi? Swali hili huulizwa katika kila kikao cha wazazi, na Kenya ina jibu lake la nyumbani. Katika utafiti uliofanywa Kaunti ya Kisumu na kuchapishwa mwaka 2016, shule ziligawanywa katika makundi. Moja walipewa kishikwambi maafisa wanaowatembelea na kuwaelekeza walimu. La pili walipewa walimu wenyewe. La tatu wanafunzi walipewa vifaa vya kusomea. Makundi yote matatu yaliboresha usomaji kuliko shule zilizobaki bila mpango wowote, lakini hayakupishana sana yenyewe kwa yenyewe. Yalipishana kwa gharama: kifaa kwa kila mtoto kiligharimu zaidi, na afisa mmoja mwenye kishikwambi alifikia shule nyingi. Mpango wa kitaifa wa Tusome, ulioanza mwaka 2015, ulifuata njia hiyo. Watoto wa madarasa ya chini walipata vitabu vya Kiswahili na Kiingereza, kitabu kimoja kwa kila mtoto, na vishikwambi vikabaki kwa maafisa wanaoketi nyuma ya darasa wakimtazama mwalimu akifundisha, kisha wakamshauri. Kitabu hakihitaji chaji.

Mwaka 2019 mwalimu Mkenya, Peter Tabichi, alishinda tuzo ya mwalimu bora duniani akifundisha sayansi katika shule ya kutwa ya Keriko, Njoro, kaunti ya Nakuru. Shule yake ilikuwa na kompyuta moja na intaneti dhaifu. Alikuwa akienda kwenye saiba, anapakua anachohitaji, kisha anakitumia darasani bila intaneti. Ujuzi huo hauna siri. Mwalimu au mzazi wa Longisa anaweza kufanya vivyo hivyo siku ya soko akiwa mahali penye mtandao mzuri. Tovuti ya African Storybook, iliyoanzishwa na shirika la Saide la Afrika Kusini, ina hadithi fupi zenye picha katika Kiswahili na lugha nyingi za Afrika. Zote ni bure, huruhusiwa kupakuliwa na kuchapishwa, na yeyote anaweza kutafsiri hadithi na kuiweka humo. KICD nayo ina hazina yake, Kenya Education Cloud, yenye masomo yanayofuata mtaala.

Hesabu ya bando ni rahisi. Saa moja ya video ya ubora wa kawaida hula MB mia kadhaa. Saa moja ya sauti pekee hula kati ya MB 30 na 60. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp wa dakika moja haufiki hata MB moja. Familia yenye bando dogo itafaidika zaidi ikitafuta sauti na hadithi za kusoma, na kuacha video kwa siku maalumu.

Tahadhari moja inahusu hospitali zaidi ya shule. Katika Hospitali ya Rufaa ya Longisa wapo wagonjwa, hasa wazee, wanaozungumza Kikipsigis pekee, na mara nyingi anayewatafsiria ni mjukuu wa shule. Mtoto anayejua maneno ya mtihani huenda hajui tofauti ya kizunguzungu na kifafa, au ya mara mbili kwa siku na kila baada ya saa mbili. Programu za kutafsiri nazo zisitegemewe kwa maelezo ya dawa. Hata saa ya miadi inaweza kuharibika: saa mbili ya Kiswahili ni saa nane kwa Kiingereza, na mashine haijui kila mara ipi imekusudiwa. Mgonjwa au msaidizi wake arudie maelekezo kwa maneno yake mwenyewe mbele ya muuguzi kabla ya kuondoka dirishani, na asione haya kuomba mhudumu anayejua Kikipsigis.

Nyumba isiyo na simu ya intaneti haijaachwa nje. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya Korona, masomo ya KICD yalipeperushwa kupitia redio za KBC, na watoto wengi waliyapata huko. Kabambe yenye redio hupokea Radio Taifa kwa Kiswahili, na Kitwek FM na Chamgei FM kwa Kikalenjin. Mtoto asikilize taarifa ya habari kwa lugha moja, kisha amsimulie kogo kwa nyingine. Kogo akiuliza maswali, mtoto atalazimika kutafuta maneno. Na kama kuna simu ya kurekodi, asimulie kogo hadithi yake ya jioni kwa Kikipsigis huku mtoto akirekodi, kesho mtoto aiandike kwa Kiswahili, na mwalimu akubali kuipokea kama kazi ya nyumbani.