Maji ya Rejeta Yaenda Wapi?

Leo twapenda kueleza ugonjwa mmoja wa motokaa kuukuu, nao ni kupungukiwa na maji ya kupozea injini. Habari hii yatuhusu sana sisi wa Naipingo, na wenzetu wa Nachingwea na Ruangwa. Njia zetu ni ndefu, zina mchanga na vumbi, na gari lile lile lichukualo korosho mchana ndilo liombwalo usiku kumpeleka mgonjwa hospitali. Likikwama njiani, hasara si ya mwenye gari peke yake.

Kwanza na tuelewe kazi ya maji hayo. Huzunguka ndani ya injini, huchukua joto, kisha hulipeleka kwenye rejeta lipozwe na upepo. Maji ya chunguni huchemka yafikapo nyuzi 100 hivi. Lakini kifuniko cha rejeta huyabana, hata yaweza kupata nyuzi 120 hivi bila kuchemka. Kwa sababu hiyo usifungue kamwe kifuniko injini ikiwa moto, maana maji yatakurukia usoni.

Injini ina sehemu mbili kubwa: bloki chini, na silinda hedi juu yake. Kati yao pana gasketi, yaani utandu mwembamba uzuiao moto, maji na oili visichanganyike. Tazama Land Rover Discovery za tangu mwaka 1994 zenye injini ya 300Tdi: bloki ni ya chuma, hedi ni ya alumini. Alumini ikipata joto hutanuka karibu mara mbili kuliko chuma. Basi maji yakipungua na joto likizidi, hedi hupindika, gasketi huachia, na moto hupata njia ya kuingia katika maji.

Watu wengi husema, "Gari linakula maji," wakaongeza ndoo wakaenda zao. Lakini maji hayaliwi. Kila tone lina mahali lilipokwenda. Kazi yetu ni kulifuata.

Asubuhi, injini ikiwa baridi, jaza maji na kutia alama kwenye tangi la akiba. Kila uongezapo, pima kwa chupa na kuandika. Usiku tandika boksi chini ya gari, uone penye tone. Kagua mipira ya maji, maungio yake, pampu, na rejeta yenyewe. Mahali pavujapo huacha doa jeupe au la rangi. Papasa pia sakafu ya ndani, mbele ya abiria, kama ina unyevu.

Usipoona mvujo wowote nje, shuku gasketi. Dalili zake ni hizi: moshi mweupe mzito usiokoma hata injini ipatapo moto; oili iliyogeuka kama chai ya maziwa; mpira wa juu kuwa mgumu mara baada ya kuwasha injini baridi; mapovu yasiyokwisha katika rejeta; maji kusukumwa nje ya tangi la akiba. Walakini usihukumu kwa shahidi mmoja. Mvuke kidogo wakati wa baridi si ugonjwa, na mapovu machache baada ya kujaza maji huenda ni hewa tu. Dalili mbili au tatu zikipatana, nenda kwa fundi. Yeye ataweza kupima mgandamizo wa kila silinda, au kutumia dawa ibadilikayo rangi ikiguswa na hewa ya moshi iliyomo katika maji.

Ikibidi kufungua hedi, kubadili gasketi peke yake hakutoshi. Hapana budi hedi ipimwe kwa rula iliyonyoka, na nati zikazwe kwa utaratibu na kwa spana ya kupimia nguvu. Tena chanzo cha joto kitafutwe: rejeta iliyozibwa na vumbi na mbegu za nyasi, thamostati iliyoganda, au feni iliyolegea. Chanzo kisipoondolewa, gasketi mpya itaungua kama ya kwanza.

Je, joto likipanda njiani? Simama mara moja, zima injini, ungoje hata ipoe. Usimwagie maji baridi injini yenye moto, kwani chuma chaweza kupasuka. Wala usifurahi mshale wa joto ukishuka ghafla. Pengine maji yamekwisha, na kipimo hakina tena cha kupima.

Neno la mwisho ni juu ya watoto. Maji ya rangi yauzwayo kwa ajili ya rejeta mara nyingi huwa matamu, nayo ni sumu ya kuua. Usiyaweke katika chupa ya soda, wala usiyaache wazi katika beseni.

Basi, afuataye tone mapema hulipa mpira mmoja wa maji. Amwagaye ndoo kila siku bila kuuliza huja kulipa injini nzima.