Mbaraka Mwinshehe: Gita Limenyamaza, Haki Haikuzikwa

Mkaazi wa Kilakala ainuapo macho huiona milima ya Uluguru imesimama juu ya mji wa Morogoro. Chini ya milima hiyo, katika miaka ya 1960 na 1970, mji huu ulishindana na Dar es Salaam katika muziki wa dansi. Bendi zake zilizovuma zaidi zilikuwa Cuban Marimba na Morogoro Jazz. Hii ya pili iliundwa mwaka 1944, mwaka aliozaliwa Mbaraka Mwinshehe Mwaruka, mpiga gita ambaye tunamkumbuka leo.

Hukumu ya muziki wanazuoni wameijadili kwa kirefu, nasi hatukukusudia kuirejea hapa. Tunachokitazama ni haki ya mtu katika kazi ya mikono yake.

Mbaraka aliingia Morogoro Jazz katikati ya miaka ya 1960. Alitunga, akaimba na kulipiga gita la solo kwa ustadi uliompatia lakabu ya Soloist National. Mwaka 1970 alikuwa miongoni mwa walioiwakilisha Tanzania katika maonesho ya dunia huko Osaka, Japani. Mwaka 1973 alijitenga na kuunda Super Volcano, iliyotamba kwa mtindo wa Masika.

Zama hizo nchi yetu haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Nyimbo zilirekodiwa Radio Tanzania ili zipigwe hewani, na aliyetaka santuri alilazimika kuvuka mpaka hadi Nairobi. Kwa njia hiyo wimbo wake Shida ulienea Afrika Mashariki nzima.

Januari 1979 Mbaraka alipata ajali ya gari mjini Mombasa na kufariki dunia, akiwa na umri wa miaka 34. Kabla yake, mwaka 1965, Salum Abdallah wa Cuban Marimba naye alifariki kwa ajali ya gari. Ama kwa hakika ajali haimsubiri mtu apange mambo yake.

Suala ni hili: mtu wa namna hiyo anapoondoka, anaacha nini? Wengi wetu tukitaja mirathi huhesabu shamba, nyumba na mifugo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 iliweka kwamba haki ya mtunzi hulindwa uhai wake wote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hesabu hiyo, muda wa mtu aliyefariki mwaka 1979 unakwisha 2029. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu nalo, katika kikao chake cha Kuwait mwaka 1988, lilipitisha kuwa haki za utunzi na uvumbuzi ni mali yenye thamani, na haifai kuzivamia.

Hatumtuhumu mtu. Lakini anayenakili kanda za marehemu na kuziuza, au kuzipiga mahali pa biashara, hana budi kujiuliza kama amewaomba ruhusa wenye haki. Kuzisifu nyimbo zake hakulipi deni hilo. Nawe mtunzi wa leo, uwe wa kaswida, wa tenzi au wa vitabu, andika kazi zako, taja tarehe zake, na uwajulishe warithi wako mikataba ilipo, maadamu ungali hai.