Seva ya barua pepe ikizimika: weka ya akiba kwa bei poa

Wadau, swali ninaloulizwa kila mara: ofisi ndogo yenye seva yake ya barua pepe ifanyeje umeme ukikatika wikiendi nzima? Inunue seva nyingine ya mamilioni? Hapana jamani.

Kwanza tuelewane. Seva yako ikizimika, barua haipotei palepale. Seva inayotuma huiweka kwenye foleni na kujaribu tena. Mwongozo wa SMTP wa mwaka 2008, RFC 5321, unataka iendelee kujaribu walau siku 4 au 5. Lakini zipo zinazokata tamaa mapema, na foleni ya watu huna amri nayo. Barua ya tenda ikirudishwa kwa mteja, atadhani mmefunga ofisi.

Dawa ni seva ndogo ya akiba. Kompyuta ya zamani yenye Linux na Postfix inatosha, ilimradi iwe na IP isiyobadilika na ikae jengo lingine, kwenye laini ya kampuni nyingine ya intaneti. Mkiziweka chumba kimoja zitalala pamoja!

Hatua zenyewe:

1. Kwenye DNS weka rekodi 2 za MX: seva kuu 10, akiba 20. Namba ndogo hujaribiwa kwanza.

2. Kwenye akiba, andika domeni yenu kwenye relay_domains. Itashika barua, kisha itazipeleka seva kuu ikiamka. Postfix hushika siku 5. Ukitaka zaidi, ongeza maximal_queue_lifetime.

3. Weka orodha ya anwani zenu zote kwenye relay_recipient_maps. Hii msiiruke! Bila hiyo akiba inapokea hata barua za watu wasiokuwepo, seva kuu inazikataa, halafu akiba inawarudishia watu wasiohusika. Matokeo yake IP yenu inafungiwa. Watuma spam nao hupenda kupitia akiba makusudi, kwa hiyo kichujio kiwe kilekile kote.

4. Jaribuni. Zimeni Postfix ya seva kuu, tumeni barua kutoka nje, iangalieni kwenye akiba kwa postqueue -p. Washeni tena, halafu postqueue -f.

Angalizo: akiba inashika barua mpya tu. Za zamani hazisomeki mpaka seva kuu irudi, na diski yake ikifa ndiyo basi. Kwa hiyo zinakiliwe kila usiku kwa rsync.

Nawakilisha. Mwenye njia nyepesi zaidi atujuze.