Nyumba ya Sheikh Mbaruk na Mikoko ya Gazi

Mtu akisimama Chale, pwani ya kusini ya Kenya, na kuelekeza uso magharibi, huiona ghuba ya Gazi imetulia, kwani kisiwa na rasi yake, pamoja na mwamba ulioko nje, huikinga na mawimbi ya Bahari ya Hindi. Na nyuma ya maji hayo, baada ya ukanda wa mikoko, upo mji mdogo wa wavuvi uliokuwa maskani ya Sheikh Mbaruk bin Rashid al-Mazrui, aliyewasumbua masultani wa Unguja kwa miaka mingi.

Baba yake, Rashid bin Salim, alikuwa liwali wa mwisho wa Kimazrui Mombasa, mpaka mwaka 1837 Sultani Seyyid Said alipoutwaa mji, akamkamata yeye na jamaa zake akawahamishia Ghuba ya Uajemi. Waliosalia baadhi walikwenda Takaungu, na baadhi wakateremka kusini hadi Gazi. Huko Mbaruk alikua na kisasi cha msiba huo moyoni, akaasi mara baada ya mara, na mara nyingi aliposhindwa alikimbilia ngome yake ya Mwele, bara, nyuma ya milima ya Shimba. Mwaka 1895 fitina ya urithi ilipozuka Takaungu, na Waingereza wakamsimika wamtakaye, Mbaruk aliwapokea jamaa zake walioasi. Mwezi wa Agosti Mwele ikatekwa, na Aprili 1896 akavuka mpaka kujisalimisha kwa Wajerumani, waliomweka Dar es Salaam, na huko ndiko alikofia.

Nyumba yake ingalipo. Msomaji asitarajie kasri la ghorofa nyingi wala bustani ya mawaridi iliyopimwa kwa kamba, mfano wa majumba ya malodi wa Uingereza, kwa maana fahari ya muungwana wa Pwani ilikuwa mlangoni, na mlango wa nyumba hii ulichongwa nakshi. Baadaye nyumba iligeuzwa skuli, watoto wakafunzwa kusoma palipokatwa mashauri ya vita. Wala si haki kuzisifu nakshi bila kuwataja watumwa waliolima mashamba ya mabwana wa Kimazrui, kwani utajiri uliolipa mafundi ulitoka katika jasho lao. Anayeizuru nyumba awakumbuke hao pia.

Majumba ya namna hii yalijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zikabebwa na boriti za mikoko. Na kwa kuwa boriti haina budi kukomea pale mti ulipokomea, vyumba vyake aghalabu ni virefu lakini vyembamba. Ndiyo sababu naihesabu mikoko ya Gazi kuwa bustani ya nyumba hii, tena bustani iliyoipa umbo lake. Mwenyeji hukuonyesha mkoko wenye mizizi iliyojikita kama miguu ya kaa, mkandaa ambao gome lake hutia ngozi rangi, mchu unaochomoza vipumuo vyake topeni, na mlilana unaotangulia baharini.

Bustani hiyo ilikaribia kutoweka, kwa maana katika miaka ya 1970 miti ilikatwa kwa wingi kuwa kuni za viwanda vya kuchoma chokaa na matofali, ikabaki fukwe tupu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wataalamu wa bahari na wanakijiji walianza kuipanda upya, na mwaka 2013 Gazi na Makongeni zikaanzisha mradi wa Mikoko Pamoja, unaolinda hekta 117 na kuuza vyeti vya hewa-ukaa inayohifadhiwa na miti na tope lake. Fedha zake zimenunua vitabu vya skuli na kuleta maji safi mjini. Kina mama nao wamejenga njia ya mbao kupita juu ya tope, wakitembeza wageni na kuwapikia vyakula vya Kiswahili.

Naona watu walioweza kuurudisha msitu mzima wanastahili kusaidiwa kuihifadhi na nyumba. Ukuta wa matumbawe usipopakwa chokaa hunywa mvua, na boriti iliyolowa huoza kimya kimya hata dari ikaanguka. Mafundi wanaojua kutengeneza chokaa ya jadi wanapungua. Nawasihi wenye mamlaka ya turathi, na kila msomaji apitaye njia ya Lunga Lunga, wafike Gazi, wawaamkie wazee, waombe ruhusa, walipe ada ya kina mama, na waulize nyumba ya Sheikh inahitaji nini.