Mkanda wa gari haukutengenezwa kwa kimo cha mtoto: umuhimu wa kiti cha kuinulia

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Asubuhi za siku za shule, katika Barabara ya Bagamoyo jijini Dar es Salaam, si ajabu kumwona mtoto amesimama katikati ya viti viwili vya mbele vya gari dogo, au mama ameketi kando ya dereva akimpakata mwanawe, mkanda mmoja ukiwa umewazunguka wote wawili. Wazazi hao hawakupungukiwa na upendo. Wanaamini tu kwamba mikono yao inatosha kumzuia mtoto.

Mikono haitoshi. Gari lililo katika mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio ukomo wa kisheria katika maeneo ya makazi, likigonga kitu na kusimama ghafla, abiria asiyefunga mkanda huendelea kwenda mbele kwa mwendo uleule. Kishindo chake ni sawa na cha mtu aliyeanguka kutoka kimo cha takriban mita 10, yaani ghorofa ya tatu. Katika nukta hiyo mtoto wa kilo 10 huweza kuchomoka mikononi kwa nguvu inayofanana na uzito wa kilo 300. Endapo mkanda mmoja umewafunga wawili, mwili wa mzazi ndio unaombana mtoto kwenye mkanda huo.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kuwa ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kusababisha vifo vya watu wenye umri wa miaka 5 hadi 29. Mtoto mchanga huhitaji kiti kinachotazama nyuma, ambacho kamwe hakifungwi mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi. Hilo wazazi wengi wenye magari wameanza kulifahamu. Anayesahauliwa ni mtoto wa miaka minne hadi kumi, ambaye huonekana amekwisha kuwa mkubwa.

Mkanda wa gari ulipimwa kwa mwili wa mtu mzima. Kwa mtoto, sehemu ya juu hupita shingoni badala ya begani, naye kwa kukerwa huipeleka nyuma ya mgongo. Sehemu ya chini hupanda tumboni badala ya kulala juu ya mifupa ya nyonga. Gari likigonga, mkanda uliopaswa kumwokoa hukandamiza utumbo na kuumiza uti wa mgongo. Kiti cha kuinulia hufanya jambo moja tu: humpandisha mtoto ili mkanda uleule ukae begani na nyongani. Mto wa sebuleni hauwezi kuchukua nafasi yake, kwa kuwa hubonyea na kuteleza, mtoto akapita chini ya mkanda. Kiti halisi ni kigumu na kina miongozo pembeni ya kuushikilia mkanda chini.

Umri pekee si kipimo. WHO inapendekeza kifaa cha kumkinga mtoto kitumike hadi afikishe walau miaka 10 au kimo cha sentimita 135; baadhi ya nchi za Ulaya hudai sentimita 150. Nyumbani, mzazi anaweza kumketisha mtoto kwenye kiti cha gari bila kumwinua: ikiwa mgongo hauegemei vizuri huku magoti yakikunjika ukingoni mwa kiti, bado anahitaji kuinuliwa. Aidha, aketi nyuma.

Magari mengi yanayoingia nchini yametumika Japani, ambako tangu mwaka 2000 sheria inataka mtoto asiyetimiza miaka 6 awe katika kiti maalumu. Kiti cha kuinulia hakihitaji nanga za pekee. Kinahitaji mkanda unaopita begani na kiunoni, kwani ule wa kiunoni pekee haufai. Kwa anayenunua kilichotumika, kiti chenye ufa, kisicho na lebo ya viwango, au kisichojulikana kama kimewahi kuwa ndani ya ajali, kiachwe hata kama bei yake inavutia.

Kabla ya kwenda dukani, mzazi afunue kwanza makava ya viti vya nyuma. Katika magari yetu mengi mikanda ipo, imezama chini ya makava hayo tangu siku gari liliponunuliwa.