Mvua ya Kwanza Si Masika

Ikiingia Machi, mashamba ya Kwamndolwa, mjini Korogwe, huwa yamekwisha kufyekwa na kulimwa. Kinachosubiriwa ni mvua za kupandia. Mawingu yakijikusanya jioni na mvua ikapiga vya kutosha, alfajiri yake watu wako shambani na mbegu. Baada ya siku 6 hivi mahindi yameota. Tatizo huanza pale mvua ya pili inapokataa kuja: wiki moja inapita, ya pili inaingia, na miche inajisokota majani ili isipoteze maji. Mwenye shamba anaanza kupiga hesabu ya mbegu za kurudishia.

Wataalamu huiita hali hii mwanzo wa uongo wa msimu, na haizuki hivi hivi. Ukanda wa mvua wa nchi za joto hulifuata jua, lakini huchelewa nyuma yake. Korogwe iko takribani nyuzi 5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua huwa utosini karibu na tarehe 8 Machi, ilhali kilele cha masika kwa kawaida hufika Aprili na Mei. Katika wiki hizo za katikati kaskazi imeanza kuchoka na kusi haijashika. Mvua hunyesha kwa mafungu, na kati ya fungu na fungu jua linatawala.

Baadhi ya mafungu hayo hutoka mbali. Mwaka 1971 wanasayansi wa Marekani, Roland Madden na Paul Julian, walieleza wimbi kubwa la hewa na mawingu linalosafiri kuelekea mashariki kupitia Bahari ya Hindi na Pasifiki, na kurejea baada ya siku 30 hadi 60. Likiwa upande wetu, mawingu hupata nguvu. Likihamia Pasifiki, hewa ya huku huelekea kushuka na kuyabana. Vimbunga navyo huvuruga mambo. Machi 2019 kimbunga Idai kiliipiga Beira, Msumbiji, huku unyevu mwingi ukivutwa kusini, na masika ya mwaka ule yakachelewa sehemu nyingi za Afrika Mashariki.

Mbegu haijui lolote kati ya hayo. Punje ya hindi inahitaji kunyonya maji yanayofikia karibu theluthi ya uzito wake ndipo iote. Kwenye udongo mkavu kabisa hulala salama, isipoliwa na wadudu au panya. Hatari ni unyevu nusunusu: punje huamka, hutoa mzizi, kisha udongo unakauka na mzizi unakufa. Mche uliokwisha kutokeza una nafuu kidogo, kwa sababu kitovu chake cha ukuaji hubaki chini ya ardhi mpaka uwe na majani 5 au 6. Majani yakiungua, huenda ukachipua tena, mradi mizizi ipate maji.

Kipimo kinachotumika sana ni hiki: msimu umeanza ikinyesha angalau milimita 20 ndani ya siku 2 au 3, bila kufuatiwa na ukavu wa zaidi ya siku 7 hadi 10 katika mwezi unaofuata. Milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita ya mraba, hivyo milimita 20 kwenye ekari moja ni kama lita 80,000. Ni maji mengi, lakini jua na upepo wa Machi vinaweza kudai karibu milimita 5 kwa siku. Akiba hiyo ni ya siku 4 hivi.

Tazama sharti la pili la kipimo hicho: linahusu siku ambazo bado hazijafika. Asubuhi ya kupanda hakuna mtu anayeweza kulithibitisha. Hata kumbikumbi wanaoruka baada ya manyunyu wanatangaza mvua iliyokwisha kunyesha. Mtego huu hauko Korogwe peke yake. Aprili 2021 nchini Ufaransa, baada ya joto la mwisho wa Machi kuamsha mizabibu na miti ya matunda mapema, baridi kali ilirudi na kuunguza machipukizi katika maeneo makubwa.

Kungoja mpaka uhakika upatikane nako kuna gharama. Mahindi yaliyochelewa hutoa maua masika yakiwa yanakata, na ukame wakati wa maua ndio unaopunguza mavuno kuliko hatua nyingine yoyote. Kwa hiyo jibu la busara ni kuigawa hatari. Tega kopo lenye kuta zilizonyooka mahali pa wazi, upime kina cha maji kwa rula. Chimba uone kama unyevu umeshuka kupita kiganja. Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, wa msimu na wa siku 10. Kisha panda sehemu ya shamba kwa mvua ya kwanza na nyingine kwa mvua ya pili, na kona moja uiachie kunde na muhogo.